Kengele Ikinyamaza kwa Jirani

Baraza la Manispaa ya Saint-Euverte, likiwa limekaa kikao chake halali ndani ya sakristia ya kanisa, kwa sababu ofisi yake lenyewe haina jiko la kuota moto, linawatangazia wakazi wote kwamba barabara ya barafu itafunguliwa msimu huu kama misimu yote iliyotangulia, kutoka ukingo wetu wa kusini hadi Sainte-Radégonde, ng'ambo ya Mto ulioganda. Kwamba barabara hiyo ni kwa ajili ya nyasi kavu, kuni, posta, daktari na sakramenti. Na kwamba mstari wake utafuata unene wa barafu, na unene wa barafu peke yake, bila kumpendelea mtu, shamba lake wala jamaa zake. Aliyekabidhiwa kazi ya kupima barafu na kuipanda miti ya kuonyesha njia ni Bwana Onésime Gadbois, mkulima, mtu mwaminifu.

Tangazo lilisomwa mlangoni pa kanisa baada ya misa. Wanaume walilisikiliza vichwa wazi, jambo ambalo mwezi wa Januari, katika nchi yetu, ni heshima isiyotolewa ovyo.

Ulikuwa msimu wa tisa Onésime kuifanya kazi hiyo. Barafu ilipokwisha kukaza alitoka na shoka, farasi mzee na sleji, gari la kuteleza juu ya theluji, iliyojaa misonobari michanga aliyoikata nyuma ya shamba. Alitoboa, akapima kwa mpini wa shoka, akachomeka mti huku na mti kule, akasonga mbele. Maji yalipoganda ndani ya tundu, mti ulisimama kama ulizaliwa hapo. Theluji ilipovuma hata mtu asiione mikono yake, mwenye farasi aliufuata mti mmoja hadi mwingine, akafika ng'ambo salama. Hakuna aliyepata kuzama katika barabara ya Onésime. Kwetu hiyo inatosha kumfanya mtu aitwe mwaminifu, na hakuna anayeuliza zaidi.

Miaka yote minane barabara ilipandia ukingo wetu mbele ya nyumba ya mzee Hamelin, kwa kuwa pale ndipo mteremko ulipo mpole. Nyumba ya Hamelin ni jirani wa nyumba ya Gadbois. Mashamba yetu ni membamba na marefu kama riboni, kila moja lina kipande cha mto mbele na kipande cha msitu nyuma, na nyumba zimejipanga kando ya njia moja kwa ukaribu kiasi kwamba mtu akipiga chafya kwa Gadbois, kwa Hamelin wanamwombea afya. Watu waliosoma mjini wanasema mapenzi ni kipofu. Kwetu yanaona vizuri sana, ila yamejaliwa miguu mifupi. Babu yake Onésime alioa nyumba ya tatu upande wa mashariki. Baba yake alioa nyumba ya pili upande wa magharibi, na kijiji kikamsifu kwa kuokoa muda. Mama yake, kabla hajafa, alimwita dirishani akamwonyesha Clorinthe Hamelin akianika nguo upande wa pili wa uzio.

"Fimbo ya mbali haiui nyoka, mwanangu," akamwambia. "Huyo yupo hapo."

"Nimemwona, mama."

"Basi usiishie kumwona."

Onésime alitii nusu ya wosia. Kwa miaka sita, Jumanne, Alhamisi na Jumapili, jioni ambazo desturi inamruhusu mwanamume kukaa na msichana jikoni kwao huku baba mtu akijifanya anasinzia nyuma ya kiko, alivuka uzio, akaketi kwenye kiti kile kile karibu na jiko, akazungumza habari za ng'ombe. Hakuposa. Hakuona haraka ilikuwa ya nini. Jirani wa mashariki wa Hamelin alikuwa na mabinti watupu, na jirani wa magharibi wa Gadbois alikuwa Padri. Kitu kilichoko kwenye rafu yako mwenyewe hukikimbilii. Clorinthe alikuwa na miaka ishirini na tisa, mikono yenye nguvu, na kicheko kifupi kilichokatika kabla mtu hajajua kimeanzia wapi. Kama naye alikuwa anasubiri, hakuna aliyemuuliza.

Jiko la Gadbois liliendeshwa na Exilda, dada mkubwa wa Onésime, ambaye kijiji kilishamhesabu miongoni mwa wasioolewa. Hakuwa na kilema. Wanaume wa rika lake waliokuwa karibu naye walikuwa wameoa, au walikuwa Padri, au walikuwa Onésime.

Msimu huo ndipo alipotokea Wilbrod Cournoyer.

Wilbrod alikuwa mgane wa miaka arobaini kutoka Sainte-Radégonde, mwenye koti la manyoya lililofika visiginoni na masharubu aliyoyapaka mafuta. Alinunua nyasi kavu upande wetu na kuzikokota hadi kwenye reli iliyoko upande wao. Kiangazi mtu wa namna hiyo yuko mbali na sisi kuliko Montreal. Kumfikia sharti umbembeleze mwenye mashua, umlipe, usikilize maradhi yake yote hadi katikati ya maji, kisha utembee saa nzima kwa miguu, na daraja la chuma wakati huo lilikuwa bado ni ahadi ya uchaguzi. Lakini Mto ukiganda, ng'ambo inakuwa jirani. Wilbrod alivuka kabla kiko chake hakijazimika.

Kwetu kila farasi ana kengele yake, na kila mtu anazijua zote. Ya daktari ni nyembamba, ina haraka. Ya posta imepasuka. Ya Wilbrod ilikuwa ngeni, kengele tatu za shaba zenye sauti nzito ya kushiba. Onésime aliisikia mara ya kwanza akiwa zizini anakamua. Aliisikia ikitoka barafuni, ikipanda mteremko, ikikaribia nyumba ya Hamelin. Kisha ikanyamaza.

Akasubiri. Kengele inayolia ina maana farasi anakwenda zake. Kengele iliyonyamaza ina maana farasi amefungwa kwenye nguzo, amefunikwa blanketi, na mwenyewe yuko ndani. Onésime akaendelea kumkamua yule ng'ombe hadi ng'ombe akageuka kumtazama, maana maziwa yalikwisha zamani.

Kesho yake ikawa vilevile, na kesho kutwa. Siku ya Jumatano, ambayo si siku ya mtu kutembelea mtu, Onésime alivaa kofia akavuka uzio.

Aliyemwona kwanza si Clorinthe, wala si mzee Hamelin. Alikiona kiti chake. Kilikuwa na Wilbrod juu yake, koti la manyoya limetandazwa kwenye mgongo wa kiti kama dubu aliyechoka.

"Karibu, Onésime," alisema mzee Hamelin akitoa kiko mdomoni. "Leo Jumatano. Umekosea siku, au kuna msiba?"

"Nimekuja kuazima keekee, mzee."

"Keekee uliiazima Novemba. Iko kwako."

"Ndiyo. Nimekuja kusema kwamba iko kwangu."

Wilbrod akacheka hadi masharubu yakatikisika. "Kumbe huyu ndiye mpanda miti! Bwana, nipe mkono. Barabara yako inateleza kama siagi. Inanileta mpaka mlangoni hapa, hata hatamu sishiki."

"Kaa basi," Clorinthe akasema. "Kiti kipo, kile cha mlangoni."

Akakaa mlangoni, upepo ukimpuliza shingoni kupitia tundu la ufunguo. Kutoka pale aliona kila kitu. Aliona Clorinthe akimimina chai. Aliona akimkatia mgeni mkate, na hilo angelisamehe, kwa sababu mgeni ni mgeni. Kisha akamwona akilishika bakuli la molasi, ile asali nyeusi ya miwa, na kulisogeza, polepole, kwa kidole kimoja, hadi karibu na mkono wa mtu wa ng'ambo. Miaka sita Onésime alikuwa akiinuka mwenyewe kuifuata molasi ile mwisho wa meza.

Alirudi nyumbani bila kuaga sawasawa. Exilda alikuwa anakoroga supu ya njegere.

"Una nini? Uso umekuwa kama umelamba kufuli la nje."

"Anakula molasi yao."

"Nani?"

"Yule wa ng'ambo."

"Molasi ni ya nani?"

"Ya mzee Hamelin."

"Basi mwenye kuumia ni mzee Hamelin," alisema Exilda. "Nawa mikono ule."

Hakula. Tangu siku hiyo alifanya kazi zake zote akiwa ametega sikio. Alipasua kuni kwa kupokezana, pigo moja, kimya kidogo, pigo moja, ili asikose kitu. Alijikuta anazihesabu haki za ujirani ambazo miaka yote hakuwa amezitumia. Huyu alikua naye! Alimwona akitoka kubatizwa! Waliugua surua wiki moja, wakanyweshwa dawa moja kwa kijiko kimoja! Na sasa mtu ambaye kiangazi hata moshi wa nyumba yake hauonekani amekuja juu ya barafu, amekalia kiti. Kilichomchoma zaidi ni ile sentensi ya siagi. Ni nani aliyemlaza Wilbrod Cournoyer njia mpaka mlangoni? Kila mti alioupita yule bwana, Onésime ndiye aliyeuchomeka kwa mikono yake mwenyewe, vidole vikimfa ganzi.

Mwishoni mwa Januari ikanyesha mvua, kisha baridi ikashuka ghafla, na Mto ukalia. Kila mwaka hulia hivyo, mlio mrefu kama mbao inayopasuliwa chini ya ardhi, na watu waliouzoea hugeuka upande wa pili kitandani. Asubuhi Onésime alikwenda na shoka mbele ya nyumba ya Hamelin. Alikaa huko kitambo. Kisha akaenda kwa katibu wa Baraza, akavua kofia, akatoa taarifa kwamba barafu ya pale haiaminiki tena. Kuna mkondo chini yake.

"Una uhakika?" katibu akauliza.

"Barafu haidanganyi," Onésime akajibu.

Jambo hilo ni kweli. Baraza likamshukuru kwa uangalifu wake, likamwagiza ahamishe barabara hadi mteremko mwingine unaofaa sleji iliyobeba mzigo. Upande wetu mteremko mwingine wa namna hiyo upo mmoja, nao unapandia kati ya zizi na jiko la Onésime Gadbois. Alikuwa amelifikiria hilo. Pale kengele ingepita chini ya macho yake, na mwenye kengele angezuiliwa kwa wema.

Aliing'oa misonobari kutoka katikati ya Mto hadi ukingoni, mmoja mmoja, akiikata barafu iliyoishika miguu, akaipanda upya kwa kukunja kuelekea kwake. Peke yake, bila msaidizi, kwenye baridi ambayo mate yanagonga chini kama kokoto. Waliomwona kwa mbali walisema ni mtu anayejitolea kwa ajili ya umma. Wivu unapasha mwili joto kuliko sufu.

Jioni alimwambia dada yake, "Akipita mtu wa ng'ambo, mkaribishe. Mpe supu."

Exilda akamtazama. "Tangu lini unawapenda wa ng'ambo?"

"Ni ukarimu wa Kikristo."

"Siku zote?"

"Siku zote. Hasa Jumanne, Alhamisi na Jumapili. Asiondoke na njaa. Mwongeze. Akitaka kuondoka, mwambie anyooshe miguu kwanza."

Exilda aliendelea kumtazama kidogo. Kisha akapanda juu ya stuli, akaiteremsha ile sufuria kubwa ya shaba ya marehemu mama yao, akaipangusa vumbi.

Kuanzia hapo Onésime alipata wiki tatu za raha kuu. Alirudishiwa kiti chake. Alikaa jikoni kwa Hamelin akizungumza habari za ng'ombe, na kengele nzito za shaba zilipotoka barafuni alizisikiliza kwa kichwa kilichoinama upande, kama mtu anayesikiliza kinanda kanisani. Zilikuja, zikapanda, zikanyamaza. Zikanyamaza kwake! Naye akatabasamu, akanyoosha mkono kuifuata molasi mwisho wa meza.

Clorinthe alikuwa anafuma soksi. Alikuwa mkimya tangu barabara ihame. Zamani wapita njia wote walimgongea dirisha, wakamwachia habari za upande wa pili: nani kazaa, nani kauza, Padri wa kule kamkaripia nani. Sasa dirisha lake lilitazama theluji tupu.

"Kengele imenyamaza kwenu," alisema bila kuinua macho.

"Imenyamaza."

"Muda sasa."

"Anaota moto. Baridi kali leo."

"Na jana?"

"Jana pia kulikuwa na baridi."

Clorinthe akafuma mstari mzima. "Exilda yupo?"

"Yupo, aende wapi?"

"Yuko na nani?"

"Si nimekwambia, yuko na yule wa ng'ambo. Nimemwagiza amshikilie asiondoke."

Nyuma ya kiko chake, mzee Hamelin alipatwa na kikohozi kilichomlazimu kutoka nje. Clorinthe aliiweka soksi mapajani. Kicheko chake kifupi kikamtoka, na safari hii hakikukatika upesi.

"Unacheka nini?" Onésime akauliza.

"Nacheka soksi. Nimepitiliza kisigino."

Unadhani usiku huo aliposa? Hakuposa. Adui alikuwa amefungiwa mahali salama, na Clorinthe yupo hapo, upande wa pili wa uzio, kama alivyokuwapo siku zote. Alivaa kofia akasema wataonana Alhamisi.

Lakini Alhamisi hiyo Clorinthe alisema kichwa kinamuuma, akapanda kulala mapema, na Onésime akarudi kwake kabla ya wakati. Sleji ya Wilbrod ilikuwa uani, farasi amefunikwa blanketi, na blanketi lilikuwa lile la kitanda cha Onésime. Akasukuma mlango. Koti la manyoya lilining'inia kwenye msumari wake. Wilbrod alikuwa ameketi kwenye kiti chake, ameviringisha mikono ya shati, anatengeneza pampu ya maji ambayo Onésime alikuwa ameahidi kuitengeneza tangu sikukuu ya Watakatifu Wote, mwezi wa Novemba. Exilda alikuwa amesimama kando, anacheka. Onésime hakuwa amemsikia dada yake akicheka tangu mama yao afe, na alihitaji muda kuutambua mlio huo. Juu ya meza, bakuli la molasi lilikuwa karibu kabisa na kiwiko cha mgeni.

"Ingia, shemeji, funga mlango," Wilbrod akasema. "Unatuletea baridi."

"Shemeji nani?"

"Ndiyo tulikuwa tunalizungumza hilo. Kaa. Exilda, mpe supu ndugu yako." Akaweka spana chini, akajipangusa vidole, akasimama kwa adabu yote. "Baba yenu hayupo, kwa hiyo nakuomba wewe. Nataka kumuoa dada yako kabla ya Kwaresima. Yeye amekubali, ila amesema lazima nikuulize wewe ili usinune."

Onésime akakaa kwenye kiti cha mlangoni. Katika nyumba yake mwenyewe alikuwa hajawahi kukikalia, akagundua kwamba nacho kina upepo.

"Mimi nilidhani," akasema, "wewe ulikuwa unamfuata Clorinthe."

"Clorinthe yupi?"

"Wa Hamelin! Ulikuwa unakula kwao!"

"Ah! Yule wa kule ilikokuwa barabara." Wilbrod alifikiri kwa haki. "Farasi wangu anasimama penye moshi, bwana. Palikuwa pale, nikala pale. Barabara ikaja huku, nikala huku. Na supu ya huku ina nyama."

Hapo Onésime alipaswa kufurahi. Badala yake damu ilimpanda. "Clorinthe ana kasoro gani?"

"Hana kasoro."

"Mikono yake? Macho yake? Umeona msichana mwenye mkate kama wake huko kwenu?"

"Onésime," Exilda akasema, "unataka amuoe yeye?"

"Nataka ajue alichokuwa anakalia!"

"Jamani," Wilbrod akasema, akaketi tena, akaichukua spana. "Ndugu yako anaumwa, Exilda?"

"Tangu Jumatano moja hivi," Exilda akajibu.

Waliozoea mambo ya kanisa wanajua kwamba ndoa haifungwi wakati wa Kwaresima. Padri alikubali kuyasoma yale matangazo matatu ya ndoa kwa mara moja, na Jumatatu kabla ya Jumatano ya Majivu wakafunga ndoa. Baada ya chakula bwana na bibi arusi walipanda sleji, wakashuka mteremko, wakaingia kati ya misonobari. Exilda alikuwa amevikwa lile koti la manyoya, na mapajani ameipakata sufuria ya shaba. Onésime alisimama ukingoni akisikiliza kengele zikipungua. Zikawa ndogo, zikawa kama pete zinazogongana mfukoni, kisha zikanyamaza huko, mlangoni pa mtu mwingine. Aliingia ndani akajipikia maharage. Yaliungua. Aliyala.

Siku ya pili ya Kwaresima, ambayo ilikuwa Alhamisi, alivuka uzio. Mzee Hamelin alipomwona usoni alikumbuka kwamba ana kazi zizini.

"Clorinthe," Onésime akaanza, "nyumba yangu haina mtu."

"Nimesikia."

"Na sisi tumezoeana."

"Sana."

"Basi nimefikiri..."

"Nani alikwambia pale mbele kuna mkondo?"

Onésime akaigeuza kofia mikononi.

"Nachota maji pale kila asubuhi," Clorinthe akasema. "Tundu langu liko hatua chache tu na ulipong'oa miti. Mimi ndiye ninayelitoboa likiganda. Najua mpini wa shoka langu unazama mpaka wapi. Nimejua tangu siku ya kwanza."

"Hukusema."

"Nilitaka kuona utaufanyia nini ushindi wako. Umeketi hapa wiki tatu, Onésime, umenieleza habari za ndama." Hakupandisha sauti. "Miaka minane umeileta ng'ambo nzima mpaka mlangoni pangu. Mtu mmoja akaingia akakaa, ndipo ukajua kuna mlango."

"Nilikuwa na wivu."

"Najua. Jumatano ile ulikuja na wivu. Siku zote nyingine unakuja na mazoea. Ile Jumatano ulinipendeza kidogo."

Onésime alikuwa na swali, na mtu mwenye busara angeliacha palepale lilipo. "Na kama barabara ningeiacha? Kama angeendelea kusimama hapa?"

Clorinthe aliliwazia kwa dhati. Hilo ndilo lililomtisha Onésime, kwamba aliliwazia.

"Sijui," akasema. "Alikuwa anajua kuzungumza. Na wewe pia hutajua. Nenda nyumbani. Uniulize barafu ikishakatika, wakati hakuna barabara kwangu wala kwako. Nataka nisikie utasemaje pasipo kengele."

Barafu ilikatika katikati ya Aprili kwa mshindo uliotikisa madirisha, ikachukua misonobari yote ikaenda nayo baharini, mingine ikiwa bado imesimama wima. Vipande vya mwisho vilikuwa havijapita bado Onésime alipovuka uzio, kofia mkononi, siku ya Jumatatu. Alichosema hakijulikani. Mzee Hamelin, aliyekuwa nyuma ya mlango, husema tu kwamba ng'ombe hawakutajwa. Walioana Septemba baada ya mavuno, na arusi ilipoisha mzee alikipakia kitanda cha binti yake kwenye mkokoteni, akausukuma mwenyewe hadi upande wa pili wa uzio. Kijiji kikasema sawa, ndivyo inavyopasa, yule yuko hapo na huyu yuko hapo.

Clorinthe alitawala jiko la Gadbois vizuri kuliko mtangulizi wake, na kila asubuhi alirudi kwa baba yake kumpikia. Onésime alinenepa. Vuli nzima alionekana mtu aliyetulia. Kisha Desemba ikafika, majani ya mtoni yakaanza kupata ukoko mweupe, na mzee mmoja kanisani akasema mwaka huu Mto utafunga mapema, ng'ambo watakuja kutusalimu kabla ya Noeli.

Wa kwanza kuja, bila shaka, angekuwa Wilbrod Cournoyer, shemeji, mwenye haki zote za shemeji: kiti, supu na maongezi.

"Mwaka huu utaipandishia wapi?" Clorinthe alimuuliza siku alipokuwa ananoa shoka. Aliuliza kama mtu anavyouliza kama kuna mvua. Bakuli la molasi lilikuwa karibu na mkono wa mumewe, alipolisogeza Clorinthe mwenyewe kila siku tangu Septemba, na Onésime alilitazama kwa muda.

"Unene ndio utakaoamua," akasema.

Tangazo likasomwa mlangoni pa kanisa, neno kwa neno kama la mwaka uliotangulia. Onésime akatoka na shoka, akapima kwa siku kadhaa, akatoa taarifa. Mbele ya Hamelin, mkondo. Mbele ya Gadbois, samahani kusema, mkondo pia. Barafu ya kutegemewa ilipatikana mahali pamoja tu, chini ya makaburi, ambapo ukingo umesimama kama ukuta, na kutoka hapo hadi bomba la moshi lililo karibu ni mwendo. Wenye mizigo walilazimika kufunga farasi wawili wawili, na walipofika juu walitukana hadi Padri akalihubiri jambo hilo, ingawa alikiri kuwa ni vema Mkristo akipita karibu na kaburi mara kwa mara. Wilbrod alipanda mara moja, akamtazama farasi wake akitoka povu, akageuka akarudi kwao. Baraza liliipokea taarifa, likaandika shukrani.

Wiki hiyohiyo mzee Hamelin alikata mabonge ya barafu ya kuhifadhia maziwa ya kiangazi. Aliyakata mbele ya nyumba yake, palepale anapokata kila mwaka. Kila bonge lilihitaji wanaume wawili kulinyanyua, na mmoja wao alikuwa mkwewe.